Filta Chini ya Nyasi

Mama yangu hajui kutupa kitu. Maganda ya ndizi ni ya mbuzi, majivu ni ya shina la kahawa, gunia lililotoboka ni la kukalia. Kwa hiyo alipoona filta kuukuu zimerundikwa nyuma ya kibanda cha mashine ya maji, pale kwetu Ihanda, majani yameanza kuzifunika, roho yake haikutulia.

Mashine yenyewe ni ya kijiji. Inasukuma maji ya kisima kupita kwenye filta, chumvi inabaki, sisi tunakunywa maji matamu. Lakini filta huchoka, na ikichoka haina mwenyewe. Mwanza kulikuwa na watu waliosema wangezipokea wazisage, zifanywe vitu vingine, mradi zifike zimeoshwa. Kamati ya maji ikaulizia lori, ikasikia bei, ikaachana nalo. Walipojaribu kuchoma moja, moshi ulitua kwenye kahawa iliyoanikwa. Mama ndiye aliyewapigia kelele mpaka wakauzima moto.

Akamwomba mhudumu wa mashine azipasue. Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe za plastiki, zimezungushwa kwenye bomba kama jora la kitambaa. Mama akaona matandazo. Siku hizi nyasi za kutandaza kibanjani, kwenye shamba la migomba, ni za kugombania, maana rweya, ile mbuga tulikokata nyasi bure tangu utoto wangu, imepandwa misonobari. Akatandika karatasi chini ya migomba, akafunika kwa nyasi chache alizokuwa nazo. Alianza na migomba anayoipenda kuliko yote, iliyozunguka kaburi la baba. Baba aliipanda mwenyewe.

Nilipokuja kutoka Kayanga kumsalimia, nilimsifu mpaka akaona haya. Kitu kilichopitisha maji ya kijiji kizima, kingeshindwaje kupitisha mvua?

Masika yakaja, na ya mwaka ule yalikuwa ya kweli. Migomba ya majirani ikanenepa. Ya baba ikawa ya njano, kisha upepo mmoja wa mchana ukailaza mitatu na mikungu yake michanga. Tulifunua nyasi. Juu ya karatasi maji yametuama, vyura wamejaa. Chini yake udongo ulikuwa mkavu kama unga.

Mhudumu aliitwa. Alishika karatasi moja, akaigeuzageuza.

"Hii haipitishi maji mpaka pampu iyasukume kwa nguvu, mama."

"Sasa mvua ina pampu?" Mama aliuliza.

Nilimfokea yule mtu, Mungu anisamehe. "Ulikuwa unazipasua huku unamwangalia! Ulidhani anakwenda kushona magauni?"

"Nilifurahi tu zimeondoka," alijibu. Hata mimi nilikuwa nimefurahi.

Tukaanza kuzitoa. Jua lilikuwa limezikausha pembeni, ukivuta zinachanika, na vipande vinabaki vimeshikwa na mizizi. Ukichimba kipande, unakata mzizi. Mgomba uliokuwa umesalimika na upepo, tukauua sisi kwa jembe. Mama alinipokonya jembe, akaendelea kwa vidole. Inaniuma hadi leo nikikumbuka mgongo wake pale chini. Kwa watu wa lori zile zilikuwa takataka zisizolipa nauli. Kwetu zimegharimu migomba ya baba, na hakuna mche utakaoturudishia mikono iliyoipanda.

Juzi nilimkuta ameketi karibu na kaburi, pembeni, upande ambao sote tunajua ni wake siku ikifika. Mapajani ana kikapu, ndani vipande vyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mkija kunichimbia hapa, waitu, nawasihi, chekecheni kwanza udongo. Msinifukie na hivi."

Nilimwambia sawa. Nikachuchumaa, nikaanza kuokota vipande upande wake.