Kumpima Mwenye Maji

Mwaka ule wa ukame kisima chetu cha Gwata kilianza kutoa tope, na tangu siku ya kwanza sikuzipenda dalili zake. Mpini wa pampu ulipanda na kushuka kwa mlio mkavu, ndoo ikajaa uji wa udongo, na wanawake wakanitazama kana kwamba maji yote nimeyanywa mimi. Walinitazama mimi kwa sababu msimamizi wa kisima alikuwa mume wangu.

Serikali ya Waingereza ndiyo iliyotuchimbia. Ikamchukua mume wangu pamoja na wenzake wa vijiji vya Kwala na Janga, ikawafundisha kazi pale boma la Kisarawe. Alirudi na spana, makopo ya dawa ya kutia majini, na maringo kidogo, sitaficha. Kila jioni alinieleza habari za vali na ngozi za pampu mpaka nikasinzia. Waliahidiwa kwamba lori litapita kuleta vipuri, na kwamba kazi ya kushuka kisimani kutoa tope haifanywi bila fundi wa boma, mwenye kamba ya kumfunga mtu kiunoni. Mwanzoni lori lilipita. Kisha likaacha, na Bwana Maji, mkubwa wa kazi hizo, akabaki mtu wa ahadi tu. Mume wangu alituma salamu kwa kila aliyekwenda Kisarawe. Akaenda mwenyewe kwa miguu, akaambiwa asubiri. Mpaka leo neno hilo linanitia hasira.

Huku tunasubiri, tukarudi kuteka mto Ruvu, na mamba wa Ruvu wanajulikana. Siku mamba alipoinyakua ndoo mkononi mwa binti wa jirani, kijiji kikakata shauri: kisima kisafishwe, fundi aje asije.

Asubuhi ya kazi mume wangu alifunua mfuniko wa kisima, akawasha kandili, akaiteremsha kwa kamba ya ndoo. Ilipofika katikati ikazimika. Akaipandisha, akaiwasha, akaiteremsha tena. Ikazimika palepale. Akawaeleza watu alivyofundishwa: taa ikizimika, chini kuna hewa mbaya, mtu hashuki. Upepo haukuwapo kabisa. Jua lilikuwa kali.

Shida ni kwamba mwenye kauli pale kisimani hakuwa yeye. Alikuwa mama yangu. Kabla ya saruji na pampu palikuwa na chemchemi mahali pale, na ukoo wetu ndio uliokuwa ukitambika; mama aliirithi kazi hiyo kwa mama yake. Alipoiona taa imezimika alielewa kwa namna yake: mwenye maji, mzimu wa chemchemi ile, hakuombwa ruhusa. Akaagiza makaa, akajaza chetezo, akatia ubani, kikateremshwa kisimani kikifuka huku yeye akiomba. Kilikaa chini muda mrefu. Moshi ulitoka mdomoni mwa kisima taratibu, mzito, kama usiotaka kupanda. Miaka mingi baadaye nilielezwa kwamba makaa yale yaliongeza sumu mle ndani. Siku ile hapakuwa na wa kutuambia. Somo la Kisarawe halikufika kwenye ubani.

Chetezo kilipotolewa, mume wangu akaishika kandili tena. Mama akasema naye kwa upole kabisa, ameinamisha macho.

“Mkwe wangu, mwenye maji tumeshamwomba. Sasa unampima?”

Kwetu mwanamume hajibizani na mama mkwe, tena mbele za watu, tena akiwa anaishi ukweni, analima ardhi ya watu wa mkewe. Nikamvuta kando, nikamwambia asishuke, waache wamwite mwoga, mimi nitakula naye huo woga. Watu wote walikuwa wanatutazama.

“Sitakawia, mke wangu,” akasema. “Madebe mawili matatu tu, natoka.”

Akaiweka kandili chini, akashuka kwa ngazi ya chuma iliyojengewa ukutani. Hakujaza hata debe moja. Tulisikia kishindo cha tope, basi.

Tangu niolewe mama hakuwahi kulitaja jina la mkwe wake, kwa heshima. Sasa aliinama kisimani akaliita, akaliita tena, mpaka sauti ikamkauka. Kaka yangu akavua shati, akatia mguu kwenye ngazi. Hapo nikakumbuka jambo moja la Kisarawe ambalo mume wangu alinieleza mimi peke yangu, kwa kuwa lilimtisha: mmoja akianguka mle, wa pili asimfuate, maana huzikwa wote wawili. Nikamkumbatia kaka yangu kiunoni. Alinipiga viwiko, akanitukana, akasema mume wako anakufa nawe unanizuia. Nami nilitaka ashuke, Mungu anajua nilivyotaka. Nikawapigia kelele wanaume wamshike. Wakamshika, tukaanguka wote pale ukingoni, na kule chini kukawa kimya.

Kaka yangu aliishi, akazeeka, akapata wajukuu. Mpaka anazikwa, chakula changu hakukigusa tena.