Vitambaa Vyeupe vya Fadhul

Ijumaa, tarehe 2 Agosti 1974, Sadiya alifunga madirisha yote, akachoma ubani kwenye jiko la mkaa. Wageni walikuwa njiani, na mwanamke wa Kinubi hapokei wageni katika nyumba inayonuka moshi wa tumbaku. Kikohozi alikuwa nacho tangu mabanda ya kukaushia tumbaku yalipowashwa. Mumewe, Fadhul, aliporudi kutoka msikitini alimkuta ameanguka kando ya jiko, hapumui.

"Ubani ndiyo imeua yeye," msimamizi wa mabanda aliwaambia waombolezaji, papo hapo matangani. Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Sasa ni Agosti nyingine. Mabanda yanafuka kutwa hapa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na Fadhul, fundi cherehani, anapita mlango hadi mlango akigawa mabaki ya kitambaa cheupe cha kanzu. Kila nyumba inatundika kipande juu ya kitanda, juma zima. Kisha majirani wanakutana barazani kwake kulinganisha.

"Baba Rehemah, kitambaa yako iko nyeusi kunishinda mimi!" Celestino, aliyekuja hapa kutoka Sudan, anamcheka jirani yake.

"Wewe nyamaza. Toa yako," jirani anamjibu.

Celestino anakunjua chake, na kicheko kinamkauka. Kwake hapajachomwa ubani hata siku moja. Kitambaa ni cheusi vilevile.

"Na mutoto iko lala chini ya hii," anasema mkewe, Emilia, kwa sauti ndogo.

Waliojenga mabanda upande unakotoka upepo hawalali huku. Wao wako kule juu, mashuka yao yanaanikwa meupe na kuanuliwa meupe.

Fadhul aliishia darasa la pili. Anachotaka ni kimoja: mabanda yahamishwe kabla mtu mwingine hajashonewa sanda. Juzi alivipeleka vitambaa mjini Arua, kwenye ofisi ya serikali. Bwana mkubwa akavigusa kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayegeuza panya mfu.

"Si mke wako alichoma ubani, mzee?"

"Alichoma. Mimi hapana kataa," Fadhul anasimulia, macho yake yako kwenye cherehani. "Lakini niliuliza yeye neno moja. Akaangalia dirisha, akaita mtu mwingine aingie."

Juma lijalo atarudi tena, safari hii na Celestino na Emilia, na vitambaa vya mtaa mzima. Neno ni lile lile:

"Sadiya alifunga madirisha kwa sababu ya nini?"