Mwambie Mama Chai Iko Tayari

Mikono yangu inajulikana kuanzia Kanduyi mpaka Chwele. Mwanamke akijifungua, naitwa kumkanda. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini mgongo wa mzazi naujua kama njia ya shamba langu. Nilifundishwa Bungoma mjini, nikiwa yaya kwa Wahindi wenye duka la vitambaa. Nyanya wa nyumba ile alikuwa akimkanda mke wa mjukuu wake kwa mafuta ya haradali ya moto, siku arobaini bila kuruka. Nikijaribu, ananichapa kidole: "Polepole! Hiyo si unga ya chapati!"

Kwa hivyo binti yangu wa mwisho alipojifungua Kitale, nilibeba chupa yangu ya mafuta nikaenda na kiburi changu chote. Mjukuu wa tisa huyo, msichana mnene, masikio ya babu yake.

Kwetu mama hamtazami mume wa binti yake usoni, na kulala chini ya paa lake ni aibu. Nililala kwa jirani, asubuhi naingia kwa mlango wa jikoni. Mkwe anakaa sebuleni, na maneno yetu binti ndiye anayabeba. Miaka minne ameyabeba, tena kwa utundu. Mkwe akisema, "Mwambie mama chai iko tayari," yeye ananiletea, "Anasema chai iko, ukimaliza kumsengenya."

Safari hii hakubeba kitu.

"Mwambie mama chai iko tayari," mkwe alisema.

Binti alikuwa amekaa katikati yetu, kwenye mlango wa jikoni na sebule, mtoto analia kwenye mkeka. Akatazama ukuta.

"Mwambie mama..." mkwe akarudia.



Nikasema ni uchovu. Nikamkanda. Kiuno kikalegea, miguu ikashuka uvimbe, maziwa yakatoka. Jirani akanisifu, "Mama, mikono yako ni dawa, bana!" nami kichwa kikavimba. Binti analia nikimkanda, namwambia, "Unalia nini? Mtoto mzima, mume hanywi pombe. Kuna wenzako wanazika." Nayaandika hivyo hivyo yalivyotoka, maana ni mimi niliyesema.

Siku ya tisa nilimlaza ubavu, uso ukutani. Nilikuwa nimefika chini ya bega la kushoto aliposema, sauti ndogo:

"Mama, usiniache peke yangu na yeye."

"Na nani? Mume wako?"

"Mtoto. Simsikii kama wangu. Nikimshika, naona namwangusha. Nimefikiria niende tu, nisirudi."

Mikono ikasimama. Mafuta yakapoa mgongoni pake. Ni wanawake wangapi walitaka kuniambia hivyo, nikawafunga mdomo na habari za wanaozika?

Nikambeba mtoto, nikaita jirani akae na binti, nikaingia sebuleni ambako sikuwa nimewahi kukanyaga. Mkwe akaruka, akageukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Pole mama, natoka..."

"Hutoki. Geuka unitazame."

"Si ni mwiko, mama?"

"Nitaubeba mimi. Mke wako ni mgonjwa, na si kiuno. Tunaenda hospitali sasa hivi, na kutoka leo asiachwe peke yake hata dakika moja. Umenisikia? Leo hakuna wa kukubebea maneno."

Akageuka. Jicho lake moja ni dogo kuliko lingine. Miaka minne na sikujua. Yote mawili yalikuwa na machozi.

Muuguzi alimsikiliza binti bila kumharakisha. Akatuambia ni ugonjwa, unatokea baada ya kuzaa na unatibika, akampeleka kwa daktari na kumpangia siku za kurudi. Mimi akaniambia niendelee kukanda, ila nipunguze mdomo. Nikameza hiyo.

Nyumbani habari ilifika kwamba nilimtazama mkwe machoni. Kuna wawili wa rika langu hawaniiti tena kwa binti zao. Inauma, sitadanganya.

Nilikaa Kitale. Kuna siku binti alimnyonyesha mtoto akimtazama, na kuna siku aligeukia ukuta tena, nasi tukamgeuza polepole. Wiki ya saba nilikuwa jikoni nafua nepi, mkwe akasema kutoka sebuleni, kwa mazoea tu:

"Mwambie mama chai iko tayari."

Nikaacha kufua. Nikangoja mpaka maji ya beseni yakatulia.

"Mama," binti akasema, sauti imekwaruza. "Anasema chai iko. Ati sukari amekunyima."

Nikaenda kuonja. Ilikuwa na sukari.