Unyayo wa Shemeji

Mke wangu anakanda watu katika chumba chetu cha mbele. Mtu huingia na shingo iliyokakamaa kama mpini, akatoka anaigeuza huku na huku. Wengine usingizi huwachukua palepale kitandani, na kazi ya kuwaamsha ni yangu. Kabla hajamgusa mtu, mke wangu hubisha hodi: "Hodi begani." Mtu asipojibu "Karibu," haguswi. Nimemtania sana kwa hilo.

Kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, aliangukiwa na chuma, madaktari wakamkata mguu juu ya goti. Kidonda kilipona vizuri. Lakini shemeji akaanza kulalamika kwamba unyayo unamuuma, unyayo uleule uliobaki hospitalini. Hakupata hata lepe la usingizi. Alikonda, akaacha kuongea na wanawe, na siku moja akaniambia kwa utulivu ulionitisha, "Shemeji, hivi sitafika mbali." Tukamleta kwetu.

Mke wangu alianza na kigutu. Haikusaidia kitu.

"Dada, ni huku chini," shemeji alisema, akionyesha shuka tupu.

Mke wangu akasogea, akaweka viganja hewani, juu kidogo ya shuka. "Hodi kisiginoni."

"Karibu."

Nilitaka kucheka, kisha nikatazama vizuri. Vidole vyake havikuwa vinapapasa hewa; vilikuwa vimeshika kitu. Gumba lilizama na kurudi, jasho likamtoka. Baada ya muda mgonjwa alikuwa anakoroma mchana kweupe.

"Acha maigizo," nilimwambia jikoni.

"Kisigino kilikuwa cha baridi," alijibu akipangusa mikono. "Sasa kimepata joto."



Aliendelea kila siku. Shemeji akanenepa, akaanza kunikejeli tukicheza karata, nikajua anapona. Ila niliona mikono ya mke wangu inapanda kidogokidogo. Kisigino kilianza mwisho wa kitanda, kikaja pale ulipokuwa ugoko, kisha pale lilipokuwa goti. Unyayo ulikuwa unarudi mwilini, na mimi nikaanza kuogopa kupita karibu na kile kitanda.

"Maumivu yanapungua," shemeji alisema akiangalia ukutani. "Na mguu unapungua nayo."

"Niache?"

Alifikiri sana. "Nataka kulala, dada. Endelea tu."

Jana alasiri mikono ilifika kwenye kigutu chenyewe, ikatulia.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Unausikia?"

Shemeji alifumba macho, akatafuta, akatafuta tena. Kisha machozi yakamtoka, mtu ambaye hospitalini hakulia hata kidogo.

"Dada," alisema, "sasa ndio nimekatwa mguu."