Kaseti ya Baba

Jirani anachoma plastiki, na harufu hiyo imenirudisha nyuma ya jiko letu kule Mweiga. Mama alikuwa ameokoka wiki hiyo, akawa anachoma kaseti zote za nyimbo za dunia. Baba alisimama hapo na ndoo ya maziwa.

"Hata ile niliimba mimi, mama watoto?"

"Hasa hiyo."

Baba hakuimba tena mpaka akafa.

Kumbe nakala moja ilibaki mahali. Leo nimeupata wimbo wake kwenye simu, watu wakiusifu na kuulizana ni nani aliyeimba. Nimeucheza kwa sauti ya chini, Mama akimenya viazi. Akaanza kuimba ubeti wa pili kabla sauti ya Baba haijaufikia, bila kukosea neno.

Halafu akasema, "Zima hiyo."

Bado nimeshika simu. Sijui kama nizime, wala kama niwaandikie wale watu jina.