Barabara Tuliyoifyeka Wenyewe

Juzi, ukumbini huko Kailo, mjumbe wa serikali mpya tuliyoichagua alitusomea vipaumbele vya muhula wake wa kwanza. "Cha kwanza njo barabara!" akatangaza.

Mama mmoja mkulima akasimama, akainua viganja vyenye malengelenge. "Mukubwa, barabara yenye umepita leo tumeifyeka sisi, siku tatu, ili gari yako ifike. Wakati wa vita waasi walitufyekesha hii hii. Lakini wao hawakutuambia eti wanatuletea barabara."

Mjumbe akafunga faili. "Basi Jumamosi mufyeke tena. Mukubwa wangu anakuja kuwashukuru."

Hana hata haya! Na ukumbi mzima ukampigia makofi, mimi nimo. Yule mama hakupiga. Viganja vilikuwa vinamuuma.