Damu ya Komando

Komando alikuwa paka dume wa Gorreti, muuza samaki wakavu wa Namakwekwe, mjini Mbale. Mchana alilinda magunia panya wasiyaguse. Jioni alitoka kupigana na madume wa mtaa, akarudi masikio yamechanika. Kisha akaacha kula. Ufizi ukavimba, udenda ukamtoka, na jeraha la shingoni likakataa kupona.

Daktari wa mifugo, jina lake Wanyama, akampima damu.

"Ana virusi vinavyoshusha kinga ya mwili," akasema. "Vinafanana na vile vya UKIMWI, ila hivi ni vya paka tu."

Gorreti akamtazama kwa jicho la pembeni. "Kavitoa wapi?"

"Ameumwa na paka mwenye navyo. Mtu hawezi kumpa paka, wala paka kumpa mtu. Dawa ya kuviondoa hakuna. Tutatibu mdomo na jeraha, tutamhasi apunguze vita, na wewe umfungie ndani asiwaume wengine. Anaweza kuishi miaka mingi tu."

Gorreti hakushawishika sana. Akampigia simu mumewe, Ouma, askari magereza aliyehamishiwa Jinja, ambaye siku hizi alirudi nyumbani kwa nadra.

"Baba Brendah, majibu ya damu yametoka. Ni virusi."

"Nani amekuambia?" Ouma akauliza, sauti chini.

"Daktari Wanyama."

"Huyo ananijulia wapi?"

"Akujue wewe kwa nini? Nasema paka."

Ouma akacheka kicheko kikavu, akasema anaitwa kazini, akakata.

Gorreti akajiuliza: kwa nini Ouma alidhani anasemwa yeye? Akakumbuka kwamba kila alipokuja nyumbani, Ouma alimeza kitu akiwa amempa mgongo na kusema ni cha kichwa. Kichwa gani kisichopona?

Akamwachia jirani paka na duka, akapanda gari la Jinja bila kuaga. Ouma alikuwa amepanga chumba huko, mtaa wa Mafubira. Alimkuta anakunywa chai, fulana tu mwilini. Gorreti hakuketi.

"Baba Brendah, meza dawa zako mbele yangu."

Alikuwa anabahatisha. Ouma alimkodolea macho, kisha akaingiza mkono katika mfuko wa sare iliyotundikwa mlangoni, akatoa kikopo cha vidonge.

"Nilipimwa mwaka juzi," akasema. "Niliogopa ungeondoka."

"Na mimi ukaniachia bahati?"

"Nesi alisema nikimeza bila kuacha, na virusi visipoonekana tena kwenye damu, sitakuambukiza. Havionekani."

"Aliyeambiwa ni wewe. Mimi nani aliniambia?"

Kesho yake Ouma aliomba ruhusa kazini, wakarudi Mbale pamoja, kila mmoja akitazama dirisha lake. Kliniki ilimpima Gorreti: hana. Muuguzi akamtaka arudi tena kupimwa. Gorreti alilia, na Ouma aliponyoosha mkono amshike bega, Gorreti akausukuma kando.

Komando alihasiwa, akatibiwa, na sasa analala juu ya magunia, mlango umefungwa. Ufizi umepona, anakula samaki aliyelowekwa. Ouma naye huja kila anapopata ruhusa, na dawa zake humeza mezani, watu wote wakiona.

Juzi alimuuliza mkewe, "Mama Brendah, umenisamehe?"

Gorreti alimsogezea sahani ya chakula.

"Kula," akasema. "Bado nakutazama."